Tone Moja kwenye Mkanda wa Saa

Tulimwacha Mektrida dukani kwa Basili, pale Double Road mjini Moshi, kipande cha karatasi puani na uso umesawijika. Alipewa kazi moja tu: anuse manukato mapya ya kiume yaitwayo Delvaro, aseme kama ni halisi au ni yale ya kuchanganywa uani. Akanusa, na pua ikampeleka mahali alipokuwa akipatafuta kwa miaka mitatu.

"Vipi?" Basili aliuliza. "Ni feki?"

"Ni vikombe vya Uru," Mektrida alisema.

Basili akabaki anamtazama. Ni mtu mwema, lakini mambo humfikia polepole.

Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea nikudokeze upesi, maana hatuna muda. Oktoba 1995 Mektrida alikuwa mwonjaji kahawa katika kampuni moja ya watu binafsi, zile zilizomiminika Moshi biashara ya kahawa ilipofunguliwa. Meza ya waonjaji ina mwiko: hakuna kujipaka chochote kinachonukia. Siku ilipoonjwa kahawa ya wakulima wa Uru, kwao Mektrida huko mlimani, vikombe vyote tisa vilinuka pafyumu. Mnunuzi akaikataa shehena nzima. Kwenye droo ya Mektrida ikakutwa chupa ya pafyumu ya kike yenye kifuniko chekundu, chupa ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

Alifukuzwa siku ile ile. Uru yote ikaamini kwamba binti wa Mzee Yakobo ameua kahawa yao kwa sababu ya kujipulizia. Mzee mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao cha ushirika, akavuliwa kiti mbele ya watu, na tangu jioni ile hajamsemesha bintiye neno. Chakula anachopika Mektrida anakula. Akitaka chumvi anamwambia ng'ombe.

Kwa hiyo Mektrida hana haja ya kazi wala fidia. Anamtaka mtu mmoja, aliyefanya jambo lile, na anamtaka aumbuke mbele ya wakulima wale wale, baba yake akiwa amekaa pale anasikia. Hilo tu ndilo linalomwamsha asubuhi.

"Sikiliza," alimwambia Basili. "Nimeanza saa nne. Saa ya kwanza ilikuwa limau na pilipili manga, inapiga kelele ujue imefika. Ya pili ikatulia, ikaja iliki, na mdalasini kwa mbali. Mpaka hapo ni pafyumu nzuri, imetengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Sasa hivi vya juu vyote vimeondoka, imebaki ile ya chini. Tumbaku, ngozi mpya, na moshi wa mwerezi. Hiyo ya chini ndiyo niliyoikuta kwenye vikombe."

"Na ile chupa ya kwenye droo?"

"Ilikuwa maua matupu. Hata mtoto angeona tofauti. Lakini siku ile nani alitaka kunisikiliza?"

Basili alikuna kichwa. "Kwa hiyo pafyumu yenyewe ni halisi?"

"Halisi. Ya bandia ingekufa saa ya kwanza ukabaki unanusa spiriti. Chukua katoni zote. Ni pafyumu ya mwanamume anayetaka kuonekana kabla hajafika, na mji huu unao wengi."

"Sasa mwaka tisini na tano nani alikuwa nayo hapa Moshi?"

Mlango ukafunguliwa, na jibu likaingia na viatu vyake vya kung'aa.

Alikuwa Sylvanus, mtu wa Masama. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akisimama upande wa pili wa meza ile ile ya kuonjea, kijiko mkononi kama Mektrida. Leo ndiye mwonjaji mkuu, kwenye kiti ambacho kila mtu alijua kingekuwa cha Mektrida.

"Kumbe dada yuko mjini," alisema. "Ile pua bado inafanya kazi, au umeiachia ndizi huko Uru?"

"Ipo ipo tu, kaka Sylvanus."

"Pole sana. Basili, nimesikia umeleta Delvaro. Nifungie mbili. Yangu iliisha Pasaka."

"Unaifahamu?" Basili aliuliza.

"Mimi? Niliileta mwenyewe kutoka Hamburg, mwaka tisini na tano, nilipotoka kozi. Mji huu mzima nilikuwa peke yangu. Wasichana walikuwa wananijua kabla sijapiga kona."

Basili aligeuka kumtazama Mektrida waziwazi kiasi kwamba ilibidi Mektrida amkanyage mguu chini ya kaunta.

"Nyoosha mkono basi," Mektrida alisema kwa sauti ya kuuza duka. "Nikupake kidogo, uone kama ndiyo ile ile."

Sylvanus alikwishaanza kupandisha mkono wa shati. Akaushusha.

"Leo hapana. Kesho asubuhi naonja. Kitu hiki kikishika ngozi, uoge usioge, siku mbili hakitoki. Wewe mwenyewe hukisikii, lakini wengine wanakisikia."

Alisema hivyo akicheka, na akaendelea kuangalia mikanda ya suruali iliyoning'inia ukutani. Hakujua amesema nini. Mektrida alijua. Ni nani alimfundisha mwonjaji kahawa kwamba Delvaro haitoki kwa sabuni, kama si siku moja mbaya mezani? Akaiona picha yote. Kijana ametoka Ulaya, usiku amekwenda kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi fulani, amejimwagia mpaka mikononi. Asubuhi ameoga akaona yamekwisha, kwa sababu pua yake imelala nayo, imeizoea. Kisha mkono ule ule ukapita juu ya kila kikombe. Na mnunuzi alipokunja uso, Sylvanus akajua ni yeye, akatafuta droo ya mtu mwingine.

Mektrida alitamani amrukie pale pale, kwa kucha. Lakini mtu ukimrukia dukani anatoka na alama za kucha na huruma ya watu.

"Hiyo saa ya kwenye kioo ni ya wapi?" Sylvanus aliuliza.

Basili anauza saa pia. Akamtolea. Sylvanus akaivua yake, saa ya dhahabu yenye mkanda mpana wa ngozi, ambayo mji mzima unajua haivui hata akienda komunyo. Akaiweka juu ya kaunta, akaenda na ile mpya hadi mlangoni kuitazama kwenye mwanga.

Chupa ya majaribio ilikuwa wazi mbele ya Mektrida. Hakufikiri mara mbili. Aligeuza mkanda, akadondosha tone moja upande wa ndani, ule unaolala kwenye ngozi, akausugua kwa kidole gumba. Ngozi ikanywa. Duka zima lilikuwa linanuka Delvaro tangu saa nne, na mtu angenusa nini tena humo?

"Hainipendezi," Sylvanus alisema akirudi. Akaivaa yake, akaifunga vizuri. Akachukua chupa zake mbili. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nilisahau. Kesho naonja kahawa ya kwenu, Uru. Mnunuzi wetu, Bwana Hendrik, amekubali kuwapa nafasi tena baada ya ile aibu. Tena amesema tuonjee huko huko juu, ghalani, wakulima wakiona kwa macho yao. Msalimie mzee."

Mlango ukafungwa. Basili akapiga makofi mara moja, taratibu, kwa furaha.

"Aisee, umemmaliza. Ataumbuka mbele ya watu wenu."

Mektrida alikuwa amekaa juu ya katoni. "Ataumbuka na kahawa yao. Baba ana magunia manne mle ndani, Basili. Ya kwanza tangu zile mvua za El Nino zimwangushie maua yote."

"Ooh."

"Walinisingizia nimeinukisha kahawa ya Uru pafyumu. Leo ndiyo nimeinukisha kweli."

Sasa, msomaji, usidhani alikimbia kwenda kumwonya mtu. Alipanda kwenda nyumbani pole pole, na njia nzima moyo wake ulikuwa unamwambia waache. Aliwakumbuka wanawake waliosogeza ndoo zao pale bombani asije akazigusa. Alimkumbuka Godbless, mwenyekiti wa sasa, aliyesimama kanisani kwenye matangazo akasema chama hakitakabidhi tena kahawa yake kwa watu wenye anasa. Kahawa yao ife, wamjue aliyeiua, na yeye akae pembeni anywe chai. Waliistahili. Hata baba yake kidogo aliistahili, ndivyo alivyofikiri, na wala hakuona haya kufikiri hivyo.

Alifika akapika. Mzee Yakobo akala. Alipomaliza alimwambia ng'ombe, kupitia dirishani, kwamba kesho anavaa kofia yake ya Jumapili.

Asubuhi ghala la chama lilikuwa limejaa. Wazee wamekaa mabenchi ya mbele na kofia magotini, akina mama wamejipanga ukutani. Mezani palikuwa na vikombe tisa vyeupe, unga wa kahawa ya Uru umelala ndani ya kila kimoja, na debe la kutemea pembeni. Bwana Hendrik, Mholanzi aliyekaa Bomang'ombe hadi Kiswahili chake kimekuwa cha huku huku, alikuwa anapasha moto kijiko chake kwenye glasi ya maji. Huyu ndiye aliyeikataa kahawa yao mwaka ule. Sylvanus alisimama upande wa pili amevaa koti jeupe, mkono wa kushoto umening'inia na saa yake.

Mektrida aliingia na Basili saa tatu kasorobo. Mabenchi yakanong'ona.

"Dada, wewe hapa hutakiwi," Godbless alisema.

"Nimekuja kutazama tu, mwenyekiti. Shikamooni wazee."

Wachache waliitikia. Baba yake alitazama kofia yake.

Maji ya moto yakamiminwa. Wanaojua kazi hii wanajua kinachofuata: unga unapanda juu unatanda, unangojewa dakika nne, kisha mwonjaji anainama na kuupasua kwa kijiko, mkono wake ukiwa juu ya kikombe kabisa, kwa sababu harufu ya kwanza ndiyo inayosema kweli. Dakika nne. Mektrida alizihesabu moyoni, na mpaka ya tatu bado hakuwa ameamua. Aliwatazama wale wazee wa mbele. Mmoja alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasali. Alikuwa mmoja wa waliomzomea mwaka ule. Mektrida alijaribu kumchukia kwa nguvu ile ya jana na akaona inapungua, jambo lililomuudhi sana.

Sylvanus akapandisha mkono wa koti. Akainama. Mkono wenye saa ukaanza kwenda.

"Mkono huo usifike kwenye kikombe," Mektrida alisema.

Sylvanus akasimama na kijiko hewani.

"Bwana Hendrik, shikamoo. Kabla hajakipasua hicho, nusa mkanda wa saa yake."

"Mtoeni huyu mwanamke," Sylvanus alisema. "Mnamjua alichowafanyia."

Godbless alikwishanyanyuka. Lakini Hendrik ana miaka arobaini mezani, na mtu wa aina ile ukimwambia nusa, hawezi kutonusa. Alizunguka meza, akamshika Sylvanus kifundo cha mkono, akainama. Akakaa hapo kwa muda. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Tumbaku," alisema. "Ngozi. Hii naijua. Hii ndiyo ilikuwa kwenye vikombe vya mwaka tisini na tano."

Ghala likalipuka kwa kelele. Sylvanus aliinua mkono wake puani, akanusa, akanusa tena, na kila mtu aliona kwamba hasikii kitu. Alikuwa amelala na mkanda ule usiku kucha. Kisha akili ikamrudia, maana hakuwa mjinga.

"Amenipaka yeye," alisema akimnyooshea kidole. "Jana, dukani kwa Basili. Niliivua saa kidogo. Amenipaka yeye, na kama amenipaka jana, basi hata mwaka ule ni yeye. Kajifunga mwenyewe."

Watu wote wakamgeukia Mektrida. Wangapi mngekana? Yeye hakukana.

"Ni kweli. Nimempaka mimi, tone moja. Nilitaka aharibu vikombe vyenu mbele yenu kisha mumrarue. Nimekuja kumzuia kwa sababu baba yangu ana magunia humo, si kwa sababu nawapenda."

"Mmesikia?" Sylvanus aliuliza. "Mmesikia wenyewe?"

"Tumesikia," Godbless alisema, sauti imekuwa nzito. "Basi dada, unatwambia nini? Umemaliza."

"Sijamaliza. Jana nilimwambia nimpake mkononi, akakataa. Akasema hii uoge usioge siku mbili haitoki. Basili alikuwepo. Akasema tena aliileta mwenyewe kutoka Hamburg mwaka ule ule, na mji mzima alikuwa nayo peke yake. Muulizeni, mwonjaji kahawa amejuaje kwamba haitoki kwa sabuni?"

"Alisema hivyo," Basili alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Basili ni rafiki yake," Sylvanus alisema. "Na chupa? Chupa ilikutwa kwenye droo ya nani? Si mliletewa hapa hapa ghalani mkaishika kwa mikono yenu?"

Hilo lilikuwa kweli, na watu walianza kutikisa vichwa. Chupa ile ilipitishwa benchi hadi benchi siku ya kikao. Kila mzee aliigusa, akaipitisha haraka kama kitu kichafu. Mektrida alikumbuka vizuri ni mzee gani peke yake aliyeifungua kifuniko akaipeleka puani kabla hajampa mwenzake.

Alitembea mpaka benchi la mbele.

"Baba. Ile chupa uliinusa. Ilinukia nini?"

Mzee Yakobo aliendelea kutazama kofia. Ghala zima lilijua kwamba mtu huyu hajamjibu binti yake tangu mwaka tisini na tano. Mama mmoja ukutani alianza kusema kitu, wenzake wakamnyamazisha.

"Maua," Mzee Yakobo alisema.

Neno moja, na sauti ilikuwa imepasuka.

"Mimi sikukuta maua kwenye vikombe vile," Hendrik alisema pole pole. "Sikuiona chupa yoyote. Niliambiwa tu imepatikana, nikaondoka. Vikombe vilikuwa na hii hapa." Akagusa tena mkanda wa saa.

Sylvanus alitazama mlango. Vijana wanne walikuwa wamesimama pale, na si kwa kupunga upepo.

"Haikuwa kusudi," alisema.

Angenyamaza, huenda angetoka. Lakini maneno hayo mawili yalipomtoka, mengine yalifuata yenyewe. "Nilioga mara mbili. Nilitumia hadi magadi. Nilikuwa nimetoka kwenye sherehe tu. Sikuisikia kabisa mpaka Bwana Hendrik alipokunja uso, na mimi nilikuwa nimerudi kozi juzi, wangenifukuza, kampuni ingetaka nirudishe kila kitu. Nikamtuma mtu stendi aninunulie chupa ya kutia kwenye droo, yoyote."

"Yoyote," Mektrida alisema.

"Iliyokuwepo."

Wazee wakasimama wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa na fimbo, na aliishika si kwa kutembelea. Mektrida alisogea pembeni kuwapisha. Hii ndiyo saa aliyoiota kwenye kila sufuria aliyoisugua, kila ndoo aliyoibeba peke yake, na sasa imefika alitaka aione yote bila kupepesa. Alitaka Sylvanus ajue jina la kila mtu aliyemzomea yeye, Mektrida, mwaka ule.

Sylvanus akakimbia. Hakukimbilia mlango mkuu, alijua hapiti. Alipita mlango mdogo wa nyuma wa ghala, na vijana walipomfikia huko nje hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amesimama kwenye mpaka wa kiwanja cha chama, ananyofoa kitu. Alirudi mwenyewe, akiwa katikati yao, mikono mbele, na juu ya viganja alikuwa na jani refu la kijani, amelifunga fundo.

Jani la isale.

Kwa wewe usiye wa mlimani: isale ndiyo imepandwa kwenye mipaka yetu na kwenye makaburi yetu. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, amekwisha kukiri, na wewe huna tena ruhusa ya kumkatalia. Awe amekuibia ng'ombe, awe amekuulia ndugu. Ukilipokea, neno limekwisha, na hakuna atakayelitaja tena mbele yako. Mtu wa Masama analijua hilo sawa na mtu wa Uru.

Na Sylvanus alijua pia mahali pa kupiga goti. Hakwenda kwa Mektrida. Alipita mbele yake bila kumtazama, akaenda moja kwa moja benchi la mbele, akapiga goti kwa Mzee Yakobo.

"Meku," alisema, neno tunalomwitia mzee huku mlimani. "Nimekukosea wewe na nyumba yako."

Mektrida aliona kila kitu kikimtoka mikononi. Mzee akilipokea, nyumba imelipokea. Yule mwenye fimbo alikwishaishusha. Sylvanus atasimama, atapanguswa vumbi, jioni atakuwa baa anaeleza jinsi watu wa Uru walivyo waungwana. Miaka mitatu yake itafungwa kwa jani lililochumwa dakika moja iliyopita na mtu anayekimbia kipigo. Alitaka kupiga kelele baba asilipokee, na alijua kwamba mtoto haongei katika jambo hili.

Mzee Yakobo akainuka. Akanyoosha mikono miwili, kama inavyotakiwa, akalipokea.

Ghala likashusha pumzi. Godbless akavua kofia. Hata Basili, ambaye mambo humfikia polepole, alijua kwamba yamekwisha.

Lakini mzee hakukaa. Alimpita Sylvanus pale chini, akatembea hatua tano, akasimama mbele ya binti yake.

"Mektrida," alisema, na hakulisema kwa ng'ombe. "Mimi niliinusa. Nilijua ni maua. Bwana Hendrik alikwishasema mezani kwamba ni tumbaku, niliambiwa, na nilijua maua si tumbaku. Lakini walikuwa wananitazama, nikanyamaza. Nimekukosea kuliko huyu."

Akamnyooshea jani, kwa mikono miwili.

Mektrida alilitazama. Machozi yalikuwa yamemjaa na aliyaacha yashuke. Alichokiomba kwa miaka mitatu kilikuwa mbele yake, baba yake, anamwita jina, anakiri mbele ya watu wote. Alitaka kuishika ile mikono. Mikono yake mwenyewe ilikwishaanza kunyanyuka.

Kisha, juu ya bega la baba yake, akamwona Sylvanus. Alikuwa bado amepiga goti, lakini kichwa amekiinua, anatazama mikono ya Mektrida, anangoja. Na pembeni ya mdomo wake palikuwa na kitu kidogo sana, unafuu wa mtu aliyeona gari limempita bila kumgonga. Lilikuwa jani la Sylvanus, na mzee kwa kumletea alikuwa amemwachia yeye neno la mwisho. Akilipokea kwa ajili ya baba, amelipokea na la huyu.

Mektrida akaishusha mikono.

"Baba," alisema, "hili ni la Sylvanus. Kachume la kwako."

Hakuna aliyewahi kusikia mzee akirudishwa na isale mkononi, sembuse na mtoto wake wa kumzaa. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Godbless aliinuka nusu, akakaa tena. Sylvanus alifumba macho.

Mzee Yakobo akaenda mezani, akaliweka lile jani katikati ya vikombe vilivyopoa. Akavaa kofia yake ya Jumapili. Akatoka kwa mlango mkuu, na vijana wakampisha.

Ukitoka ghalani pale, kushoto ni mpaka wa kiwanja na isale zake. Kulia ni njia ya nyumbani. Watu wote walikimbilia madirishani. Mektrida peke yake alibaki ameupa mlango mgongo, mikono ameifumbata, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutazama.

"Basili," alisema. "Ameelekea wapi?"

Basili alikuwa dirishani, ameinama kati ya vichwa vya wazee.

"Hajaelekea popote," alisema. "Amesimama pale kati. Amevua kofia."